Nasaba ya Sarafu

Mzee aliyeketi mbele yangu, katika kibanda cha chai karibu na soko la Wakulima hapa Nakuru, alifungua fundo la leso taratibu kama mtu anayefungua bendeji. Ndani mlikuwa na senti kumi ya shaba nyeusi, tundu katikati. Alikuwa amepanda matatu ya alfajiri kutoka Bahati kwa sababu mwanawe aliona kwenye simu sarafu ya kale iliyouzwa kwa mamilioni. "Mwalimu," akaniambia, "wewe husoma mambo haya. Usiniache niuze kwa hasara."

Niliielekeza kwenye mwanga. EDWARDVS VIII, mwaka 1936, na herufi H ndogo ya kiwanda cha Heaton kule Birmingham. Mfalme Edward wa Nane alikalia kiti kuanzia Januari hadi Desemba 1936, kisha akakiacha kwa sababu ya mwanamke, kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia sokoni kwao. Ndiyo maana pauni moja ya dhahabu ya majaribio yenye kichwa chake iliuzwa Uingereza mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Lakini senti zetu za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, na penye tundu hapakai kichwa cha mfalme. Mafundi hawakuhitaji kusubiri picha: walibadilisha jina tu, wakapiga senti tano na senti kumi kwa wingi. Mfalme ni yuleyule, mwaka karibu uleule, na hii ya mzee haifikishi hata bei ya nauli yake ya kurudi.

Sikumwambia hivyo mara moja. Nilimuagizia chai nyingine.

Mwanawe hakusema uongo, lakini. Sarafu aliyoiona iliuzwa London mwishoni mwa Oktoba 2020 na nyumba ya mnada ya Roma Numismatics. Ni aureus, yaani sarafu ya dhahabu ya Kirumi, ya Brutus, mmoja wa waliomchoma visu Julius Caesar tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo. Miaka miwili baadaye Brutus alikuwa na jeshi upande wa Ugiriki, akijiandaa kupigana na warithi wa Caesar, na askari walitaka mshahara. Mafundi wake wakapiga sarafu huko huko kambini. Upande mmoja kichwa chake mwenyewe. Mgongoni kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, jambia kushoto, jambia kulia, na chini maneno EID MAR, yaani siku yenyewe ya mauaji. Sijui muuaji mwingine aliyewalipa watu kwa sarafu inayotangaza tarehe ya kosa lake.

Nyundo iligonga kwenye pauni milioni 2.7. Ongeza ada ya mnunuzi ya asilimia 20, unapata pauni 3,240,000, takriban shilingi milioni 450 za Kenya wakati ule. Hakuna sarafu ya Kirumi iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Dhahabu yenyewe haielezi chochote. Aureus hii ina uzito wa gramu nane hivi. Ukiiyeyusha kwa bei ya dhahabu ya mwaka huo ungepata dola kama 500. Uchache unaeleza zaidi: za fedha za aina hii zipo kama mia, za dhahabu zinajulikana tatu. Moja iko katika hazina ya Benki Kuu ya Ujerumani. Nyingine ilikuwa ikionyeshwa British Museum kwa mkopo wa mwenyewe, nayo imetobolewa, labda mtu wa kale aliivaa shingoni. Hapo nilimwonyesha mzee tundu la senti yake. Tundu la kiwandani halipunguzi kitu. Tundu la msumari hula bei kama mchwa.

Hali ya sarafu nayo ni hesabu. Mrumi aliweka kidonge cha dhahabu kati ya mihuri miwili akakipiga nyundo kwa mkono. Pigo likienda kando, kichwa hukatwa kisogo au herufi zikapotelea nje ya ukingo. Ya London ilikuwa imepigwa katikati, herufi zinasomeka, na haijachakazwa na vidole vya sokoni. Mihuri hiyohiyo ndiyo humsaidia mchunguzi: kila muhuri huacha mikwaruzo na nyufa zake, kwa hiyo sarafu mbili zilizotoka kwenye muhuri mmoja hufanana kama mapacha. Mghushi akitengeneza yake, ni lazima aeleze imezaliwa na muhuri upi.

Lakini sarafu inaweza kuwa halisi kabisa na bado ikawa ya wizi, na hapa ndipo mnada ule unapostahili kuchambuliwa. Wanunuzi wakubwa hawanunui chuma, wananunua nasaba: ilitoka wapi, ilikuwa mkononi mwa nani, iliuzwa lini, kwa hati gani. Kitu cha kale kisicho na nasaba huenda kilichimbwa usiku juzi juzi. Katalogi ya mnada ilisema aureus imetoka katika mkusanyo wa zamani wa baroni mmoja. Sentensi moja tu, na kila aliyeinua mkono alikuwa anailipia sentensi hiyo.

Ilikuwa ya kutungwa. Januari 2023 mwenye nyumba ya mnada, Richard Beale, alikamatwa New York. Kwa mujibu wa hati za mashtaka, Beale alitafuta mtu atie saini karatasi za uongo kwa ahadi ya malipo, na mtu huyo akakataa. Machi 2023 sarafu ikarudishwa Ugiriki, na Agosti mwaka huo Beale akakiri makosa. Ukiitazama kwa jicho la fundi, kazi yote ya wizi huu ilikuwa ya kalamu. Dhahabu haikuguswa, muhuri haukuigwa. Kilichoghushiwa ni babu wa sarafu.

Mzee aliuliza kama sisi huku hatuna za Kirumi. Tunazo, kwa namna fulani, na kisa chake kinaniuma kuliko cha London. Mwaka 1912 Mwingereza aitwaye Kapteni Haywood alifika Bur Gao, bandari ya Jubaland iliyokuwa bado sehemu ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Leo iko Somalia. Alisema alipata huko chungu chenye sarafu. Chungu kikavunjika, vigae vikatupwa. Sarafu zilikaa hadi Harold Mattingly wa British Museum alipozichapisha mwaka 1932: za akina Ptolemaio wa Misri, za Roma mpaka karne ya 4, halafu, jambo la kushangaza, za Wamamluki waliotawala Misri na za Waturuki. Zaidi ya miaka 1,500 ndani ya chungu kimoja! Huyo aliyezizika alikuwa na umri gani?

Mwanaakiolojia Neville Chittick alipokwenda Bur Gao mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuona dalili ya makazi ya kale kiasi hicho. Huenda chungu kilikuwepo, huenda mtu alizichanganya baadaye, huenda zilikuwa mkusanyo wa mpita njia. Kigae kimoja tu cha chungu kile kingetosha kuamua, maana vigae husomeka umri. Sarafu zote zile ni halisi, na haziwezi kutuambia kama Mrumi yeyote alifanya biashara kusini mwa Pembe ya Afrika.

Linganisha na hapa kwetu Hyrax Hill, kilima cha pimbi unachokipita ukielekea Nairobi. Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni sarafu za Kihindi. Mnadani hazingemtoa mtu jasho. Lakini zimeandikiwa mahali zilipotoka, kwa hiyo mtafiti anaweza kubishana juu yake.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na cha namna hiyo kikitoka ardhini ni mali ya serikali. Senti ya mzee ni mtoto mbele ya sheria hiyo. Nilimwambia auze akitaka, na nikamtajia bei.

Alicheka, akanyamaza. Kisha akasema ilikuwa ya mama yake, aliyekuwa kibarua katika shamba la pareto upande wa Molo. Alichomoa sarafu hiyo kwenye ujira akaificha kwenye kibuyu ili watoto wasiilie mandazi. Niliomba kalamu kwa mwenye kibanda, nikaandika hayo yote kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina la mama na la shamba. Mzee akaifunga senti ndani ya karatasi, karatasi ndani ya leso.

"Sasa hii karatasi inaongeza ngapi?"

"Labda shilingi mia."

"Basi nunua chai," akasema.