Hadithi, Lugha na Nakala: Somo la Kampuni Ndogo ya Sembene Ousmane

Mhakiki wa riwaya anaweza kukaa na kitabu chake, akapima wahusika, maudhui na mtindo, bila kuuliza karatasi ya kitabu hicho ilinunuliwa na nani. Mhakiki wa filamu hana nafasi hiyo. Filamu ni sanaa ya gharama. Kabla mhusika hajatamka neno la kwanza, ni lazima pawepo kamera, mikanda, mafundi, usafiri na chakula cha watu wote wanaofanya kazi. Kwa sababu hiyo mtoa fedha husimama karibu sana na kazi yenyewe, na wakati mwingine sauti yake husikika katika vinywa vya wahusika.

Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kuchunguza filamu za Sembene Ousmane wa Senegal na kampuni yake ndogo iliyoitwa Filmi Doomireew. Hoja yetu ni kwamba uhuru wa kampuni ndogo hautokani na udogo wake, wala hautokani na kukosa deni. Unatokana na mambo matatu ambayo mwenye kampuni anakataa kuyauza: hadithi, lugha, na nakala ya filamu yenyewe.

Sembene alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, kusini mwa Senegal. Alifanya kazi ya ukuli katika bandari ya Marseille, akajifunza uandishi akiwa mfanyakazi, na mwaka 1960 akatoa riwaya yake mashuhuri kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger wa mwaka 1947 na 1948. Hata hivyo, wafanyakazi wenyewe aliowaandikia hawakuweza kuisoma, maana iliandikwa kwa Kifaransa na wengi wao hawakujua kusoma. Akiwa anakaribia umri wa miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu. Aliporudi alianza kazi kwa jina la kampuni yake. Katika Kiwolofu, doomi reew maana yake ni mtoto wa nchi, yaani mwananchi. Jina hilo lilikuwa ahadi. Swali ni kama ahadi hiyo iliweza kutimizwa.

Tuzitazame kwanza gharama zilizomkabili. Mkanda wa milimita 35 wenye urefu wa mita 300 hutoa picha za dakika 11 hivi tu, na mwigizaji akikosea, kipande hicho cha mkanda kimekwisha. Mikanda ililazimika kununuliwa ng'ambo, na baada ya kupigwa picha ilipelekwa Paris kusafishwa. Kampuni ya mtu mmoja na rafiki zake haikuweza kulipa hayo yote peke yake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na Filmi Doomireew ilianza na mikono mitupu.

Filamu yake ya Borom Sarret ya mwaka 1963, yenye urefu wa dakika 20 hivi, inaonyesha jinsi umaskini huo ulivyoweza kugeuzwa kuwa mtindo. Ni habari ya siku moja ya mwendesha gari la farasi katika jiji la Dakar. Anabeba abiria wasiolipa, anampa mwimba sifa fedha alizochuma, na mwishowe polisi anamnyang'anya gari lake kwa kuingia katika mtaa wa matajiri. Hakuna majumba yaliyojengwa kwa ajili ya filamu wala waigizaji wa mishahara mikubwa. Barabara za Dakar zenyewe ndizo jukwaa. Sauti ilitiwa baadaye, na hivyo tunayasikia mawazo ya mhusika kuliko mazungumzo yake. Ufukara wa vifaa umezaa ukaribu na moyo wa mtu. Lakini kuna kasoro ambayo mhakiki hawezi kuifumbia macho: mwendesha gari huyu wa Dakar anawaza kwa Kifaransa.

Kasoro hiyo inaonekana wazi zaidi katika La Noire de..., filamu ya mwaka 1966. Diouana, msichana wa kazi, anachukuliwa na waajiri wake Wafaransa hadi mji wa Antibes, anafungiwa jikoni na upweke, na mwisho anajiua. Ofisi ya Ufaransa iliyokuwa ikisaidia filamu za Waafrika iliukataa mswada huo, na ikambidi Sembene atafute njia nyingine ya kuitengeneza. Hapa tunaona jambo la kwanza likilindwa. Angeweza kuilainisha hadithi, akamfanya mwajiri kuwa mwema na kifo kuwa ajali, kisha akapewa fedha. Hakufanya hivyo. Lakini Diouana, ambaye katika hadithi hawezi hata kujiandikia barua, anasikika rohoni mwake akisema Kifaransa fasaha. Tena sauti hiyo ni ya mwigizaji mwingine, si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona. Filamu inamlilia mtu aliyenyimwa sauti, na wakati huohuo nayo inampa sauti ya kuazima. Hadithi ilikuwa imekombolewa, lugha bado.

Mandabi, ya mwaka 1968, ndiyo iliyoikomboa lugha. Walimu wengi wa Tanzania wanaijua hadithi hii kwa sababu Amandina Lihamba aliitungia tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, mwaka 1980. Ibrahima Dieng anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris, lakini hawezi kuzichukua kwa kuwa hana kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na cheti kinataka mtu wa kumjua ofisini. Kila mlango anaobisha unamla kidogo, na mwisho fedha zote zinaliwa na ndugu msomi aliyejifanya kumsaidia.

Fedha za kuanzia za filamu hiyo zilitoka Ufaransa na zilikuja na masharti. Mtayarishaji wa Kifaransa alitaka picha za rangi na mambo ya mapenzi ya kuvutia wanunuzi. Rangi Sembene aliikubali, hayo mengine aliyakataa. Ilipigwa kwa lugha mbili, Kifaransa kwa ajili ya mfadhili na Kiwolofu kwa ajili ya watu wa Senegal. Matokeo yake ni somo la sanaa na la siasa pia. Katika Kiwolofu, majivuno ya Dieng, salamu zake ndefu, viapo vyake na uongo wake mdogo kwa wadai vinapata uhai. Zaidi ya hayo, Kifaransa sasa kinasikika mahali pake hasa: ni lugha ya dirisha la posta na ya karani. Mtazamaji anauona ukuta uliopo baina ya mwananchi na ofisi kwa kusikia tu. Ukuta huo usingeweza kusikika iwapo watu wote wangesema Kifaransa. Kwa hiyo kuitetea lugha hakukuwa pambo la uzalendo. Ndiko kulikoipa filamu umbo lake.

Jambo la tatu ni nakala. Kampuni inaweza kuwa na hadithi yake na lugha yake, lakini ikiwa hakuna ukumbi wa kuionyeshea, filamu hubaki sandukuni. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, majumba ya sinema katika nchi za Afrika ya Magharibi zilizotawaliwa na Ufaransa yalishikwa kwa sehemu kubwa na kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sembene alijibu kwa kuchukua filamu zake na kuzipeleka mijini na vijijini, akazionyesha, kisha akakaa kujadiliana na watazamaji. Aliiona sinema kuwa shule ya jioni ya umma.

Isidhaniwe kwamba mshirika akiwa mwenyeji tatizo limekwisha. Xala, ya mwaka 1975, inayowakejeli matajiri wapya waliorithi viti vya wakoloni, ilitengenezwa kwa ushirikiano na shirika la filamu la serikali ya Senegal. Ilipotoka, wakaguzi waliikata sehemu kadhaa. Ceddo, ya mwaka 1977, ilipigwa marufuku nchini. Sababu iliyotolewa rasmi ni kwamba jina lake limeandikwa kwa d mbili, kinyume cha kanuni za serikali za kuandika Kiwolofu. Sembene hakuiondoa d hata moja, na filamu haikuonyeshwa hadharani Senegal hadi Rais Senghor alipokwisha kuondoka madarakani mwishoni mwa mwaka 1980. Aliyeshika nakala yake aliweza kukataa. Bei ya kukataa ilikuwa kuwakosa kwa miaka kadhaa watazamaji wale wale aliowakusudia.

Tukiwa waadilifu, hatuna budi kuitaja bei hiyo kwa ukamilifu. Katika maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 2007, Sembene alikamilisha filamu ndefu tisa tu. Baada ya Ceddo ilipita miaka 11 kabla ya Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, ambayo ilipata fedha kutoka Senegal, Algeria na Tunisia, bila ya Ufaransa ambayo jeshi lake lilifanya mauaji yanayosimuliwa humo. Filamu yake kubwa juu ya Samori Touré, aliyoitamani kwa miaka mingi, haikutengenezwa kamwe. Anayesifu kampuni ndogo bila kutaja filamu ambazo hazikuzaliwa anasifu nusu ya habari.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa tofauti, maana Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa na serikali mwaka 1968, na kampuni ndogo za watu binafsi zilishamiri baadaye, hasa zilipokuja kamera za video. Katika miaka ya 2000 zilitolewa filamu nyingi mno za Kiswahili. Jambo ambalo Sembene alilipigania kwa jasho, yaani lugha, watengenezaji wetu walilipata bila ugomvi, kwa kuwa Kiswahili ndicho soko. Lakini wengi waliuza haki zote za kazi zao kwa wasambazaji wachache kwa malipo ya mara moja. Nakala ilipokwenda, hadithi nayo ikafuata: msambazaji akitaka filamu ifanane na iliyouzika jana, mtengenezaji asiye na nakala yoyote ya kumwingizia riziki hana nguvu ya kubisha. Hapo ndipo tunapoweza kuelewa kwa nini filamu nyingi za kipindi kile zinafanana, bila kuwadharau waigizaji wake hodari. Kwa upande mwingine, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji na kampuni yake ya Kijiweni Productions, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 ikiwa na Kiswahili chake kamili, ingawa ilishirikisha watayarishaji wa nchi nyingine. Ushirikiano si utumwa iwapo yale matatu yamelindwa.

Leo mwanafunzi wa sekondari anaweza kupiga picha kwa simu, na gharama za mikanda na za kusafisha Paris zimetoweka. Lakini maswali hayajatoweka. Mwalimu anapoichambua filamu pamoja na wanafunzi wake, asiishie kwenye maudhui na wahusika. Awaulize pia nani alilipa, mhusika anawaza kwa lugha gani, na nakala iko mikononi mwa nani. Na kikundi cha vijana kinachotaka kuanzisha kampuni yake kiandike majibu ya maswali hayo kabla ya kununua kamera, maana mkataba ukishatiwa sahihi, majibu huandikwa na mwingine.