Tarehe Ndani ya Chuma

Katika matunzo ya magari ya kale, hakuna kazi inayodai subira na uaminifu kuliko kuthibitisha uhalisi wa vipuri kwa misimbo ya tarehe, yaani herufi na tarakimu chache ambazo kiwanda kiliziacha juu ya vipuri vingi siku vilipotengenezwa. Stadi hii imekomaa sana nchini Marekani miongoni mwa wapenzi wa Chevrolet Corvette, ambao tangu mwaka 1974 wana chama cha watu wanaoyarudisha magari hayo katika hali yake ya awali, na kwao ukaguzi wa tarehe ni taaluma kamili yenye kanuni zake.

Ichukuliwe Corvette ya 1967, iliyoundwa St. Louis katika jimbo la Missouri. Nyuma ya bloku, ambayo ndiyo mwili wa injini wenye silinda, kwenye ukingo wa upande wa abiria, huonekana maandishi yaliyoinuka kama C 14 7. Herufi C ni Machi, kwa kuwa miezi huhesabiwa kuanzia A hadi L. 14 ni siku. Na 7 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ambayo peke yake yaweza kumaanisha hata 1957 au 1977, ndiyo maana hulazimu kusomwa pamoja na namba ya kalibu iliyo upande wa pili. Maandishi hayo hayakuchongwa, bali yalizaliwa pamoja na chuma chenyewe, kwa sababu tarehe iliwekwa kwenye kielelezo kilichogandamizwa mchangani ili kupata kalibu ya kumiminia chuma, na ilibidi mtu aibadilishe kwa mkono. Pengine tarakimu moja imekaa upande, pengine ukingo wake umemezwa na mchanga. Na kasoro hizo ni za kuthaminiwa mno, kwa kuwa ni alama ya mfanyakazi ambaye jina lake halikuandikwa popote na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kudanganya.

Mbele ya injini, karibu na kichwa cha silinda cha kulia, kuna sehemu bapa iliyogongwa mhuri, tuseme V0322HT, ambapo V ni kiwanda cha Flint, 0322 ni tarehe 22 Machi, na HT ni aina ya injini. Kando yake hugongwa namba ya gari lenyewe. Chuma humiminwa kwanza, injini huungwa baadaye, na gari hukamilika mwisho, hivyo bloku iliyomiminwa baada ya gari kukamilika si ya gari hilo, hata ingekuwa safi namna gani. Vipuri vingine vina mpangilio wake wa tarehe: alteneta za Delco-Remy hutanguliza mwaka, navyo vioo vya Libbey-Owens-Ford hutumia herufi zisizofuata alfabeti, N ikiwa Januari na X Februari.

Ujuzi huu ulikusudiwa kuhifadhi ukweli, lakini bei zilipopanda ukageuzwa kuwa mwongozo wa waghushi. Injini ya L88 iliwekwa katika magari 20 tu mwaka 1967, na palipo na uchache wa namna hiyo hapakosi mtu wa kusaga bloku na kugonga mhuri mpya. Mkaguzi mzoefu, kabla hata ya kuisoma namba, hutafuta, kwa kioo cha kukuzia, michirizi myembamba, sambamba, itokayo mbele kwenda nyuma, iliyoachwa na mashine ya kiwandani iliyosawazisha uso wa bloku. Ikikosekana, namba huanza kutiliwa shaka. Linalosikitisha zaidi ni kwamba michirizi hiyo haikufutwa na waghushi peke yao. Bloku nyingi halali zilisagwa na mafundi wasio na nia mbaya, waliokuwa wakifanya ukarabati wa kawaida na ambao hawakujali kilichoandikwa pale, na kwa sababu hiyo yapo magari ambayo hayajawahi kubadilishiwa injini, lakini hayana tena ushahidi wa kulithibitisha jambo hilo.