Zima Pampu Kwanza

Ukienda kukagua bwawa la bustani lenye kijito, mwenye nyumba atakupeleka moja kwa moja kwenye maporomoko. Maji yanamwagika, taa zimefichwa katikati ya mawe, na fundi amesimama pembeni akisubiri sifa. Usimpe bado. Omba pampu izimwe, kisha kaeni dakika kumi.

Kijito cha kazi ya kulipua hukauka papo hapo. Maji yote hukimbilia chini, bwawa hufurika hadi kwenye nyasi, na juu hubaki mtaro mtupu wenye plastiki nyeusi inayochungulia katikati ya mawe. Kijito cha fundi hodari hupungua tu. Kimechimbwa kwa ngazi: kila kipande kiko karibu tambarare, kimezibwa mbele na jiwe pana, kisha kinashuka hatua moja hadi kidimbwi kinachofuata. Pampu ikilala, kila kidimbwi hubaki na maji yake, na bwawa la chini limeachiwa nafasi ya kupokea ziada.

Sasa tazama chanzo, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Udongo uliochimbwa bwawani lazima uende mahali, basi hurundikwa, hufunikwa mawe, na maji hutokea kileleni mwa kichuguu kilichosimama peke yake uwanjani. Nani amewahi kuona mto ukizaliwa hivyo? Udongo huo ungetandazwa, mteremko ukawa wa taratibu, na mdomo wa bomba ukafichwa kwenye kichaka au nyuma ya mawe mazito, mtazamaji angeamini kuwa maji yanatoka mbali.

Kuhusu mpangilio wa mawe, mkazi wa Arusha hana udhuru. Mto Themi unapita mjini, na mawe meusi ya volkano ya Mlima Meru yako wazi kwa kila mwenye macho. Makubwa yamezama ardhini. Madogo yamejikusanya nyuma yake, pale mkondo unapopoteza nguvu. Kwenye kona ya mto, changarawe imelala upande wa ndani. Upande wa nje maji yamekula ukingo na kuchimba kina. Fundi aliyesoma hayo utamjua hata kwenye kijito cha mita sita. Ambaye hakusoma hupanga mawe ya duara, yote saizi moja, yakazunguka bwawa kama shanga shingoni. (Themi ni wa kutazama tu. Mawe yanunuliwe machimboni, kwani ukiyang'oa mtoni unabomoa kingo za mto.) Wapo pia wanaosafirisha mawe meupe ya matumbawe kutoka pwani na kuyachanganya na meusi ya Meru. Mto gani uliwahi kuyakutanisha? Isitoshe, yale ya pwani ni chokaa, na chokaa hubadilisha maji wanamoishi samaki.

Inama ukingoni. Plastiki inatakiwa ipande nyuma ya mawe na kuishia juu ya usawa wa maji, la sivyo udongo wa bustani utayanyonya usiku na mchana. Chini kidogo ya maji pawe na kidaraja chenye kina cha sentimita 20 hadi 30 cha kupandia mafunjo na matete, ili jicho lisijue nchi kavu imeishia wapi. Ukikuta magugumaji yamewekwa kwa ajili ya ua lake la zambarau, huyo fundi hajasikia jinsi yalivyolivamia Ziwa Victoria.

Mbu hawahitaji maelezo marefu. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa wiki moja hivi, kwa hiyo kona yoyote ambayo mkondo hauigusi na samaki hawaifikii ni kasoro, hata ikipendeza.

Kabla ya malipo ya mwisho, jaza ndoo maji ya bwawa, isimamishe juu ya jiwe ndani ya bwawa, mdomo wake ukiwa juu ya maji, na uweke alama mbili: usawa wa maji ya ndoo na wa bwawa. Pampu ibaki imezimwa kwa siku nzima. Bwawa likishuka zaidi kuliko ndoo, linavuja. Maji yakishuka sawasawa kotekote, rudia pampu ikifanya kazi. Bwawa likishuka sana safari hii, tafuta kwenye kijito, na anza na jiwe la maporomoko: mara nyingi saruji haikushindiliwa nyuma yake, na maji yanapita chini ya jiwe badala ya juu.