Zimwi Lenye Pua ya Mpini wa Reki

Zimwi linalokaa chini ya daraja katika ngano ya mabeberu watatu lina macho mapana kama sahani za bati na pua ndefu kama mpini wa reki. Vipimo hivyo vimetoka jikoni na shambani. Mtoto wa mkulima wa Norwei aliyeisikiliza ngano hiyo jioni aliweza kugeuza shingo akaiona reki yenyewe imeegemezwa ukutani, na hapo hofu ikapata umbo. Msimulizi hakuhitaji sihiri yoyote zaidi ya vyombo vya nyumba ile.

Waliozipeleka ngano hizi kitabuni ni marafiki wawili. Peter Christen Asbjørnsen alizaliwa mwaka 1812 katika mji uliokuwa ukiitwa Christiania, ambao leo ni Oslo, mtoto wa fundi wa vioo. Jørgen Moe alizaliwa mwaka uliofuata Ringerike, mtoto wa mkulima. Walifahamiana wakiwa vijana, walipokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kazi ya ndugu Grimm wa Ujerumani iliwachochea, wakaanza kukusanya walichokisikia vijijini, na kati ya 1841 na 1844 vijitabu vyao vya kwanza vikatoka.

Kukusanya kulikuwa nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Norwei ilikuwa imetengana na Denmaki mwaka 1814, lakini lugha ya vitabu ilibaki Kidenishi, huku watu wa mabondeni wakizungumza kila mmoja kwa lahaja ya kwao. Kuziandika ngano neno kwa neno kama zilivyotamkwa mkoani Telemark kungezifungia huko huko Telemark. Kuzitia katika Kidenishi cha makasisi na maofisa kungeziua. Asbjørnsen na Moe walichagua njia ngumu zaidi: waliandika kwa lugha ya vitabu, ila sentensi wakaifuatisha pumzi ya msimulizi, na pale ambapo Kidenishi hakikuwa na neno la kitu cha mlimani au cha zizini, waliliacha neno la wenyewe lisimame. Kila toleo jipya walilisogeza karibu zaidi na mazungumzo ya watu. Jacob Grimm mwenyewe alizihesabu ngano hizo miongoni mwa zilizo bora kabisa.

Sikio ndilo lililokuwa hakimu wao. Mabeberu wale watatu wanakwenda kunenepa kwenye malisho ya milimani, na kila mmoja anavuka daraja kwa kishindo chake. Mdogo anakanyaga kwa wepesi na kujibu kwa sauti nyembamba. Wa pili ni mzito kidogo. Wa tatu ni mzito hata mbao zinalia chini yake. Mzazi anayesoma kwa sauti hahitaji kuelekezwa aigizeje, kwa sababu uigizaji umo ndani ya sentensi.

Lakini ustadi wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika ngano ya binti mfalme asiyeshindwa kwa maneno. Atakayemnyamazisha atamwoa na kupewa nusu ya ufalme. Ndugu watatu wanafunga safari, na mdogo wao, Askeladden, yule anayekaa mekoni akichokoachokoa majivu, anasimama kila mara kuokota kitu: ndege mfu, fito, kigae cha sahani, pembe moja ya kondoo dume kisha ya pili, kabari, na soli ya kiatu iliyochakaa. Kaka zake wanamwambia atupe takataka hizo. Kaka hao wanaingia kwa binti mfalme na kukosa la kusema. Kisha anaingia yeye, anaomba amchome ndege wake kwenye makaa. Atapasuka, anasema binti. Fito ya kumfungia ipo. Itapwaya. Kabari ipo. Mafuta yatachuruzika. Kigae kipo. Binti anamshutumu kuwa maneno yake yamepinda, naye anatoa pembe. Binti anaapa hajawahi kuona kitu kama hicho, naye anatoa ya pili. Mwisho anasema kijana huyu amekuja kumchakaza, na soli inatoka mfukoni ikiwa imekwisha kuchakaa. Hakuna kilichookotwa njiani kinachobaki bila kazi. Waandishi wengi wa riwaya hawajaifikia nidhamu hiyo.

Na watu wazima? Nao wana fungu lao. Kuna mume mkali anayedai mkewe hafanyi lolote nyumbani, basi wanabadilishana kazi. Mke anakwenda kukata majani. Mume anasukasuka siagi, kiu inamshika, anakwenda kufungulia pipa la bia, anasikia nguruwe ameingia ndani, anakimbia na kizibo mkononi. Krimu inamwagika na bia yote inakwisha. Ng'ombe anampandisha akale juu ya paa, kwa kuwa nyumba za huko ziliezekwa kwa udongo unaoota nyasi, na kamba anaipitisha kwenye bomba la moshi na kuifunga mguuni mwake. Ng'ombe anaanguka, mume anavutwa juu kwenye bomba. Mke anarudi, anakata kamba ya ng'ombe, na mume anaporomoka kichwa kwanza ndani ya sufuria ya uji. Mtoto anamcheka ng'ombe. Mama yake anacheka kwa sababu nyingine kabisa, na ngano haimhubirii yeyote.

Hata wafalme wa ngano hizi wanafanana na wakulima wenye mashamba makubwa. Hilo linaeleweka: wafalme wa kweli walikaa Copenhagen, baadaye Stockholm, na Bunge la Norwei lilifuta vyeo vya kikabaila mwaka 1821. Erik Werenskiold na Theodor Kittelsen, waliochora picha za matoleo yaliyoanza kutoka 1879, waliuelewa ukweli huo, wakampa mfalme sura ya mtu ambaye jirani angeweza kumgongea mlango.

Asbjørnsen aliendelea peke yake na mkusanyo wa visa vya majini wa msituni, kuanzia 1845. Alikuwa pia mtaalamu wa wanyama, na jicho hilo linaonekana: kabla ya kisa kuanza, tunamwona msimulizi mwenyewe, mchimba makaburi au mtu wa kinu cha maji, namna anavyoketi na anavyositasita. Henrik Ibsen alichota humo alipoandika tamthilia ya Peer Gynt mwaka 1867. Majina ya wasimulizi wengi hayakuingia kwenye jalada la kitabu chochote, ingawa ndio waliopima urefu wa pua ya zimwi na kuamua kaka watatu watoshe. Baada ya Asbjørnsen kufariki mwaka 1885, kazi ya kuzisafisha sentensi ilichukuliwa na Moltke Moe, mtoto wa Jørgen, ambaye mwaka uliofuata alipewa uprofesa, naye akaendelea kuzisogeza karibu na vinywa vya wasimulizi hao.