Mutoto wa mbwa hangoji sindano ya mwisho

Ndugu zangu, yeyote aliyewahi kuleta mutoto wa mbwa nyumbani ameshasikia maneno mawili. La kwanza ni la jirani: « Umufunge tu. Akizobelea batu, atalinda nani? » La pili ni la rafiki aliyesoma kwenye simu: « Banasema umutoshe inje mapema, hata kama chanjo haiyaisha. » Mmoja anafunga mlango, mwingine anaufungua wote. Leo ninaomba tusome vizuri ile karatasi ambayo rafiki wa pili anaitegemea, juu wengi wanaitaja na wachache wameisoma.

Karatasi yenyewe ni fupi. Ilitolewa mwaka 2008 na AVSAB, chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulika na tabia. Inasema miezi 3 ya kwanza ndiyo ya maana zaidi katika kumzoesha mbwa watu, wanyama wengine, sauti na mahali. Inasema tusingoje chanjo zote ziishe: mutoto wa mbwa anaweza kuanza masomo ya pamoja na wenzake akiwa na wiki 7 au 8, ikiwa amepata walau chanjo ya kwanza siku 7 mbele na dawa ya minyoo. Sababu wanayotoa ni nzito: kwa mbwa wa chini ya miaka 3, kinachoua wengi ni tabia mbaya, si magonjwa ya kuambukiza.

Nianze na pale inaposema kweli. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot waliandika juu ya watoto wa mbwa waliolelewa ndani ya uzio bila kuzoea watu. Waliokaa hivyo mpaka wiki ya 14 waliogopa watu kama wanyama wa pori, na kuwazoesha baadaye ilikuwa kazi ngumu sana. Sasa tuweke hesabu ya chanjo pembeni ya hiyo. Kinga ambayo mutoto anapata katika maziwa ya kwanza ya mama inaweza kuzuia chanjo isishike, njo maana sindano zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka karibu wiki ya 16. Dirisha linafungwa wiki ya 12 au 14, sindano zinaisha ya 16. Anayengoja mwisho wa sindano anafika mlango umeshafungwa. Hapo karatasi haina kosa, na jirani wa kwanza ameshindwa.

Lakini hii karatasi haikuandikiwa Sakania, na inaonekana mahali pawili.

Pa kwanza ni ile sababu ya vifo. Kule Marekani, mbwa mwenye woga au anayeuma anapelekwa kwenye nyumba ya kutunza wanyama, na wengi wanaishia kuuawa kwa sindano. Kwetu ni nadra mbwa kufika huko. Anabaki katika parseli, kwenye mnyororo, nyuma ya nyumba. Anayelipa ni mutoto wa jirani aliyeingia kuokota mpira. Tena, mwaka 2007 Marekani ilitangaza kwamba kichaa cha mbwa cha aina inayozunguka kati ya mbwa kimekwisha kwao. Kwetu hakijaisha. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 99% ya watu wanaopata kichaa hicho wameambukizwa na mbwa, na kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo sababu yetu ya kumzoesha mbwa mapema inapita ile ya karatasi. Wao wanaokoa maisha ya mbwa. Sisi tunaokoa pia mkono wa mutoto, na wakati mwingine uhai wake.

Pa pili ni sentensi moja ndogo ambayo wasomaji wa simu wanairuka. Karatasi inaonya: epuka mahali pasiposafishwa, panapopita mbwa wengi ambao hujui chanjo yao. Kwa mtu wa mji wa Marekani, hayo ni maneno juu ya bustani moja au mbili. Kwa mtu wa Sakania, ni barabara yote. Mbwa wanatembea huru sokoni, kando ya reli, kati ya makamioni yanayongoja mpaka wa Zambia. Virusi vya parvo, vilivyojulikana duniani kuanzia 1978, vinaweza kukaa udongoni miezi mingi, na mutoto wa mbwa anayehara damu anaweza kufa kwa siku chache. Mtu akisoma « umutoshe inje mapema » halafu akamwacha atembee kwa miguu sokoni, hajafuata karatasi. Ameivunja.

Hapo ninaikosoa karatasi: jambo ambalo kwetu ndilo kila kitu, yenyewe imeliacha kama onyo la pembeni. Inapaswa kutenganisha kwa sauti kubwa vitu viwili: kuona dunia na kuikanyaga dunia. Macho na masikio ya mutoto wa mbwa hayangoji chanjo. Miguu, pua na ulimi ndivyo vinangoja.

Ukishaelewa hilo, Sakania inakuwa darasa zuri. Mubebe mikononi, au katika beseni lenye nguo ya zamani, ukae naye dakika 10 mahali anaposikia treni na honi za makamioni. Aone mama mwenye mzigo kichwani, mtu wa kofia, mzee wa fimbo, wauza makala na baiskeli zao. Usimweke chini. Akitetemeka, rudi nyuma kidogo; woga haufundishwi kwa nguvu. Nyumbani, alika watoto 2 au 3, wakae chini, wamuache yeye ndiye awafuate. Wavue viatu mlangoni, juu viatu vinaleta udongo wa barabara. Kama ndugu yako ana mbwa mkubwa, mpole, mwenye chanjo zote, huyo ndiye mwalimu wake. Mbwa usiyemjua asimguse kabisa.

Na kumuchezesha hakuombi pesa. Kartoni yenye vipande vya bukari vilivyofichwa kati ya matambara inamshughulisha sana. Nguo iliyofungwa fundo inaokoa viatu vyako. Chupa ya plastiki bila kifuniko inafaa ukiwa unamwangalia, kisha unaitoa. Akikuuma kwa meno yake madogo, simamisha mchezo, usimpige. Ngozi ikitoboka, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu nenda kituo cha afya, hata kama ni mbwa wako na ni mdogo.

Jirani atauliza tena: « Sasa atalinda nani? » Ni swali la haki, wezi wako. Lakini mbwa aliyefungiwa toka utoto halindi, anaogopa. Anamubwekea mama wa nyumba sawa na mwizi, na siku mnyororo ukikatika hachagui. Mbwa aliyewaona watu wa kawaida wengi ndiye anajua yupi si wa kawaida.

Basi tuihifadhi hii karatasi, lakini tusiisome kama amri. Chanjo ya kwanza iwe lazima, ile ya kichaa isisahauliwe, na kati ya hapo wiki zisipotee. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa wanyama, na kati yetu wako waliotoka humo. Ninawaomba hao: tuandikieni ukurasa mmoja wa kwetu, kwa Kiswahili chetu, unaoanza na barabara yenye mbwa huru badala ya darasa lenye sakafu safi. Jirani yangu hatasoma karatasi ya Marekani. Ya kwetu, nitamsomea mimi mwenyewe.