Umesaini, na Hakuna Aliyejua!

Jamani, jamani, jamani! Nimetoka kuichezea sasa hivi, mikono bado inanitetemeka! Inaitwa Zenroom, programu huria ya Dyne.org wa Amsterdam, ile iliyotumika kwenye DECODE, mradi wa Umoja wa Ulaya wa 2017 hadi 2019, kwa petisheni za wakazi wa Barcelona. Unasaini, saini yako inahesabiwa, na hakuna anayejua kuwa ni wewe. Hakuna! Hata aliyekupa hati ya kusainia hajui!

Nimeifungua kwenye kivinjari tu, nikajifanya mkazi, nikapewa hati. Nikasaini. Skrini ikafurika herufi na tarakimu, msururu mrefu, mnene, mtamu kuutazama, na jina langu halimo! Nikasaini petisheni nyingine kwa hati ileile: msururu mpya kabisa, haufanani na wa kwanza hata chembe. Nani atasema waliosaini ni mtu mmoja?

Utundu ukanipanda, nikarudi kuisaini ile ya kwanza tena. Weee! Ikagoma papo hapo! Mimi ni nani haijui, ila kwamba nimeshasaini inajua vizuri mno! Ni kama wino wa siku ya uchaguzi, ila wino huu hauonyeshi kidole ni cha nani. Na bado! Amri zake zinasomeka kama maongezi: saini isiwe ya marudio, iwe imeongezeka moja tu, basi. Na bado! Hata hesabu yenyewe inakaa imefichwa, roho juu, hadi petisheni ifungwe ndipo jumla inajitokeza, safi, bila jina hata moja!

Na si mchezo, ndugu yangu. Kule Venezuela, waliosaini kudai kura ya kumwondoa Rais Hugo Chávez walianikwa mtandaoni mwaka 2004, majina na namba za vitambulisho, kwenye tovuti ya mbunge Luis Tascón. Watu wakafukuzwa kazi, wakanyimwa kazi, kisa saini! Ndiyo maana nimeshindwa kutulia: hapa hakuna orodha ya kuanika, hata anayeitaka kwa udi na uvumba ataipata wapi?

Hebu acha unachofanya, ifungue, saini, kisha jaribu kuihadaa kwa kila hila unayoijua. Halafu nipigie, hata iwe usiku wa manane!