El Mariachi: Mikato Iliyozaliwa na Kelele za Kamera

Katika filamu ya El Mariachi picha hazitulii: uso huu, uso ule, mara mbwa, mara gitaa. Wengi husema huo ndio mtindo wa mwongozaji wake, Robert Rodriguez. Mimi nashikilia kwamba mtindo huo ulianzia kwenye kamera yenye kelele.

Filamu ilipigwa mwaka 1991 mjini Ciudad Acuña, Mexico, mpakani na Texas, kwa dola 7,000 hivi. Sehemu ya fedha Rodriguez aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Kamera, Arriflex ya milimita 16, ilikuwa ya kuazima, na mngurumo wake haukuruhusu kunasa sauti wakati ikifanya kazi. Kwa hiyo alipiga picha kwanza, akazima kamera, akasogeza maikrofoni karibu na mwigizaji na kumtaka ayaseme tena maneno yake kwa mwendo uleule.

Lakini hakuna mtu anayerudia sentensi sawasawa. Baada ya maneno machache, sauti hutangulia midomo au hubaki nyuma yake. Hapo Rodriguez alikata. Alituonyesha anayesikiliza, au mbwa, kisha akarudi kwa msemaji pale sauti na midomo vilipokubaliana tena. Mkato ule ni kiraka, ila ameushona kwa mapigo hata mtazamaji akauhisi kuwa ni kasi ya hadithi.

Bunduki nazo zilikuwa halisi, za kuazima, na zikitiwa risasi baridi zilikwama baada ya mlio mmoja. Akapiga mlio huohuo kutoka pembe tofauti, akaunganisha picha na kurudufu sauti, tukasikia rashasha. Kamera ilipohitaji kusafiri, aliishika akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

Hesabu ya dola 7,000, hata hivyo, husimuliwa nusu. Studio ya Columbia ilipoinunua filamu, ilitumia fedha nyingi kuliko hizo kutengeneza nakala za milimita 35 na kuisafisha sauti kabla ya kuipeleka sinema. Kijana anayeanza kutengeneza filamu kwa simu yake anastahili kuambiwa hilo wazi, kwa sababu sauti ndiyo huwaangusha wengi.

Mwaka 1995 Rodriguez alitengeneza filamu ya Desperado, stelingi akiwa Antonio Banderas, bajeti ikiwa mamilioni ya dola. Hakuna kamera iliyomlazimisha tena, na filamu aliihariri mwenyewe. Mikato ni ileile.